Hati ya shamba kifungo cha maisha, faili ya mgonjwa miaka 3

Mhariri,

Nimefanya kazi masjala ya hospitali ya serikali hapa Pwani kwa miaka 31. Nilianza siku za faili za kahawia zilizofungwa kwa uzi, nikaondoka tumeshaletewa kompyuta, ambayo mwaka wake wa kwanza ilikaa mezani pangu imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Sasa nimestaafu na sikuwa na nia ya kuandika gazetini. Lakini tangu mwaka 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alipotangaza kusimamishwa kwa hospitali zilizoidai SHA, bima ya afya ya taifa, malipo ya uongo, wagonjwa wa kutwa wakiandikwa kuwa wamelazwa, kila nikikaa na wenzangu nasikia habari za faili za kughushi. Husemwa kana kwamba ni jambo la jana, tena la pesa tu.

Nataka kusema habari ya faili moja ambayo haikumwibia mtu hata senti.

Mwanangu, wa dada yangu mdogo (na kwetu mtoto wa dada ni mwana, hana jina jingine), alikwenda kujifungua mimba yake ya kwanza katika hospitali ya kibinafsi ambayo sitaitaja. Alipokewa saa mbili usiku uchungu umeshamkolea. Kwa maneno yake, mkunga alimpima, akamwambia bado, akaenda zake. Alimwona tena saa saba kasorobo. Baada ya hapo hakuona mtu mpaka saa kumi na nusu, alipoingia daktari, na ndara miguuni. Mtoto alitoka alfajiri na hakulia. Alikaa siku 2 kwenye oksijeni, ya tatu tukamzika. Dada yangu alikuwa kwenye benchi la nje usiku kucha akitazama saa yake ya mkononi, na saa ile haijapata kuchelewa tangu alipoolewa.

Tukaomba nakala ya faili. Kwanza ikawa iko kwa daktari. Halafu iko kwa mhasibu. Halafu mwenye funguo za kabati kaenda matangani Taita. Wiki ya sita ndipo tukaitwa, tukakabidhiwa nakala ndani ya bahasha ya kaki, kurasa zimepangwa na kubanwa vizuri, na karani aliyetupa akatwambia tuweke sahihi kwamba tumepokea.

Asiyejua angesema hii faili nzuri. Mimi mwili ulinisisimka nilipofika kwenye partografu.

Niieleze kidogo, maana wengi hujifungua bila kujua kuna karatasi hiyo. Ni ukurasa mmoja tu. Mkunga huanza kuujaza mlango wa uzazi ukishafunguka sentimita 4. Kila nusu saa husikiliza moyo wa mtoto na kutia nukta. Ukipiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, ni salama. Kufunguka kwa mlango huwekewa alama, na alama hizo hupanda kando ya mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari. Wa pili, ulio mbele yake kwa saa 4, ni wa kuchukua hatua. Alama zikivuka wa kwanza, yaani mlango unachelewa kufunguka, watu huanza kuhangaika. Zikivuka wa pili na watu wamekaa tu, hapo kuna mtu ana la kujibu. Ndiyo maana karatasi hii ikiwa kweli huweza kumponza mkunga au kumwokoa, na ndiyo maana ikawa karatasi ya kwanza kupotea kila panapotokea msiba.

Nimeshika partografu nyingi nisizoweza kuzihesabu. Ya kweli haipendezi. Ina doa la damu au la chai. Kalamu imeisha wino katikati, imeletwa nyingine ya rangi tofauti. Saa tisa usiku ni tupu, kwa sababu mkunga alikuwa mmoja na akina mama ni watano. Mwandiko nao huzidi kulala kadiri usiku unavyokwenda. Yetu iliandikwa kwa mkono mmoja, kalamu moja, mkandamizo mmoja toka juu hadi chini, na mtu aliyekwishapata usingizi wake. Mapigo ya moyo 140, 142, 140, 140, 138, kila nusu saa bila kukosa, mpaka karibu na mtoto kutoka. Moyo wa mtoto aliye katika uchungu hauendi hivyo. Hata wangu mimi, niliyekuwa nimekaa kitini kwa dada yangu nikisoma, haukuwa ukienda hivyo.

Kisha nikaona nembo. Hospitali ile ilibadilisha nembo yake wiki ya tatu baada ya mazishi yetu. Kijana wa bodaboda anayeegesha pale langoni ndiye aliyetwambia, maana aliwaona mafundi wakipandisha bango jipya. Risiti tuliyopewa usiku ule wa kupokewa ina nembo ya zamani. Kadi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ya zamani. Partografu ya usiku huohuo, nembo mpya.

Tulirudi kuuliza. Ofisa akatujibu kwa upole kabisa: "Ile ya asili ilimwagikiwa na chai, mama, tukaona tuinakili upya iwe safi." Na iliyomwagikiwa iko wapi? "Tuliitupa." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetufanyia hisani.

Hapo ndipo mimi wa kidato cha nne nilipoanza kusoma sheria. Kijana wa jirani yetu ni wakili, akaja na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ile iliyoanza kutumika mwaka 1930. Kifungu cha 349 kinasema anayeghushi hati, pasipotajwa adhabu nyingine, anaweza kufungwa miaka 3. Sawa, nikasema, miaka 3 si haba. Akateremka kifungu kinachofuata, cha 350. Ukighushi wosia, hati ya kumiliki ardhi, hundi au hati ya bima, unaweza kufungwa maisha.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Waliotunga orodha ile walikuwa na akili zao. Walifikiria mashamba, mirathi, benki na meli za mizigo zilizokatiwa bima, mambo ambayo mtu mwenye mali wa 1930 aliyaogopa. Faili ya mgonjwa haikuwajia akilini, na sishangai, maana mgonjwa wa hospitali ya wenyeji wakati ule hata kuulizwa jina la pili haikuwa lazima. Ninalolishangaa ni kwamba orodha imekaa hivyo mpaka leo. Nyumba yangu ya Kisauni ikighushiwa hati, aliyefanya hivyo anakaribia kuzeeka jela. Ikighushiwa karatasi inayoeleza mjukuu wangu alikufaje, tunazungumzia miaka 3. Tena kuna kifungu cha 351 juu ya hati rasmi, chenye miaka 7. Wakili alituambia faili ya hospitali ya serikali huenda ikaingizwa humo, ila ya kibinafsi itabaki kwenye ile 3. Basi uzito wa uongo uleule unategemea jengo ni la nani.

Kuharibu ndiko kulikonichosha zaidi. Kipo kifungu cha 116, cha kuharibu ushahidi, lakini lazima uthibitishe kuwa mtu alijua karatasi hiyo inahitajika, au huenda ikahitajika, katika kesi, na kwamba aliiharibu kwa kusudi isitumike. Hata ukithibitisha, ni kosa dogo, la miaka 2 au faini. Na wale wetu watasema nini? Kwamba hawakujua kama tungeshtaki. Ilikuwa chai tu.

Tulikwenda polisi. Askari aliyetuandikia alitusikiliza vizuri, akauliza swali moja: nani aliandika hii? Sahihi ni ya mkunga. Mkunga ameshaacha kazi, yuko Saudia. Aliyemwambia aandike, kama yupo, hakutia sahihi mahali. Baraza la Madaktari lina uwezo wa kumsimamisha daktari au kumfuta katika orodha, lakini daktari wetu hakuandika hata mstari mmoja katika karatasi ile. Jina lake halimo. Kesi ya madai ina miaka 3 ya kufunguliwa na sisi tulikuwa tumeshapoteza mwezi na nusu tukimsubiri mwenye funguo. Dada yangu akasema basi, mtoto hatarudi. Sikuwa na la kumjibu.

Mhariri, ningeweza kuishia hapo nionekane mtu mwema. Lakini kuna jambo sijapata kulisema.

Mwaka 1994, nikiwa bado mgeni masjala, daktari mmoja mkubwa alikuja mwenyewe mpaka dirishani petu, jambo ambalo wakubwa hawakuwa wakilifanya, walikuwa wakituma. Akataja namba. Nikamtolea faili. Utaratibu ni kwamba faili ikitoka, rafuni panawekwa kikadi chenye jina la aliyeichukua na tarehe, ili kesho anayeitafuta ajue amwendee nani. Nikachukua kikadi. Daktari akanitazama, akasema, "Binti, hii naomba nikae nayo kidogo tu." Hakuniamuru wala hakunipa kitu. Nikakirudisha kikadi kwenye sanduku.

Faili haikurudi. Mwenyewe alikuwa mzee mvuvi aliyekatwa mguu. Watoto wake walikuja mara nne. Mara zote nne nilikwenda mpaka rafuni, nikasimama pale pengo lilipokuwa, nikahesabu kidogo ili waone natafuta, nikarudi kuwaambia haionekani. Namba ya faili ile naikumbuka mpaka leo.

Nalisema hili kwa sababu najua jinsi mambo yanavyokwenda ndani. Sheria inasema anayeagiza au kumshawishi mwenzake atende kosa ni mkosaji sawa naye. Kitabuni ni hivyo. Masjala hakuna anayeagiza. Mtu hutazamwa tu. Na kitakapotokea kishindo atakayekamatwa ni karani, kwa sababu kikadi kilikuwa kazi yake. Kwa hiyo kuongeza miaka ya kifungo peke yake hakutanitosha. Tungefunga makarani na wakunga, na waliosimama dirishani wangestaafu kwa heshima.

Ninachotaka ni hospitali yenyewe ibanwe. Wakili alinionyesha kitu katika Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kifungu cha 107 kinasema anayedai ndiye athibitishe. Hicho kila mtu anakijua, na ndicho kinachotuua. Lakini kifungu cha 112 kinasema katika kesi ya madai, jambo likiwa linajulikana hasa na upande mmoja, mzigo wa kulithibitisha au kulikanusha ni wa upande huo. Sasa yaliyotokea chumba cha kuzalia baina ya saa saba na saa kumi na nusu nani anayajua hasa, dada yangu aliye benchini au wenye chumba? Bunge liandike wazi, pasibaki pa kubishana, kwamba faili ikipotea au ikionekana imeandikwa upya mikononi mwa hospitali, mahakama itachukulia kuwa karatasi iliyokosekana ilikuwa inaisema vibaya hospitali, mpaka yenyewe ionyeshe vingine. Nawahakikishia chai itaacha kumwagika.

Na kughushi faili ya mgonjwa liwe kosa lenye jina lake, bila kujali jengo ni la serikali au la mtu, na adhabu yake iache kuona aibu mbele ya ile ya hati ya shamba. Sidai maisha. Ila 3 ni kidogo mno kwa karatasi ambayo daktari mwingine huenda akaisoma kesho akamtibu mtu kwa uongo uliomo.

Najua wakunga watakaposoma haya watasema huyu mama anataka tufungwe kwa kukosea kalamu. La, dada zangu. Kurekebisha faili si kosa, na mnajua namna yake kuliko mimi: unapiga mstari mmoja juu ya neno ulilokosea, lisomeke chini yake, unaandika la sawa, unatia tarehe, saa na jina lako. Wino mweupe wa kufutia hauingii katika faili ya mgonjwa. Na mkunga aliyekuwa na akina mama watano, akikaa saa kumi na moja kuandika yaliyotukia saa tisa, aandike hivyo: haya nayaandika saa kumi na moja. Hapo kamaliza, hana lawama. Pengo lenye maelezo silichukii hata kidogo. Mkunga wetu angeandika kwamba baada ya saa saba hakuweza kumwona mgonjwa kwa sababu alikuwa peke yake wodini, tungelia, lakini tungejua tuwalilie nani, na pengine tungekuwa upande wake tukiuliza kwa nini aliachwa peke yake.

Wengine wataniambia nimepitwa na wakati, faili zote zinakwenda kompyuta, Bunge lilishapitisha Sheria ya Afya Dijitali mwaka 2023. Heri. Katika semina moja ya kompyuta walitusimulia habari za daktari wa Uingereza, Harold Shipman, wa mji wa Hyde. Yule aliwaua wagonjwa wake, kisha akaingia katika kumbukumbu zao kuongeza maradhi ambayo hawakuwa nayo, akirudisha tarehe nyuma ili kifo kionekane kilikuwa njiani. Hakujua kuwa kompyuta yake ilikuwa ikitunza kimyakimya tarehe na saa halisi ya kila alichoandika. Polisi waliitoa. Januari 2000 alipatikana na hatia ya kuwaua wagonjwa 15, na saa zile za kompyuta zilikuwa katika ushahidi. Mwalimu wa semina alitaka tuone jinsi mashine isivyodanganyika. Mimi niliona kitu kingine: polisi waliitoa. Mgonjwa wa kawaida wa Mombasa akiomba nakala atachapishiwa ukurasa wa mwisho, ule uliokwisha kusafishwa, na orodha ya nani aligusa nini saa ngapi itabaki ndani. Orodha hiyo iwe sehemu ya faili, itolewe pamoja nayo. Bila hivyo kompyuta itatuletea uongo wenye mwandiko mzuri zaidi.

Haki ya kuomba tunayo. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inatupa kupata habari tunazozihitaji kulinda haki zetu, na hata kusahihishiwa zilizo za uongo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi lijibiwe kwa siku 21. Siku 21! Faili ya kurasa kumi na mbili huandikwa upya baina ya isha na alfajiri na chai ikanywewa. Kwa aliyefiwa hospitalini, au aliyetoka na mtoto asiyelia, nakala itolewe kabla hajatoka langoni, kila ukurasa umegongwa muhuri wa siku hiyo. Mashine za kunakili zipo. Hutumika vizuri sana wakati wa kuandaa bili.

Mwanangu ni mjamzito tena. Anahudhuria kliniki ya serikali, na kila akitoka hukaa kwenye ngazi akapiga picha kurasa zote alizoandikiwa siku hiyo, akanitumia. Nesi alimwuliza mara moja za nini, akamjibu ni za mama yake mkubwa, anapenda kusoma. Juzi imenifikia ya mwisho. Presha 120 kwa 70, moyo wa mtoto 144, mwandiko umelala kidogo, na kwenye pembe ya chini kuna doa la chai.

Karani mstaafu,
Kisauni, Mombasa